Matroni na Mashine ya Mwanga

"Na hiyo taa yenu ikishasema, nani atamwambia mwenyewe?"

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo Matroni aliniuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha uchunguzi cha hospitali moja ya Newala, nimekumbatia sanduku la mashine, shahada yangu ya fizikia ikiwa bado mpya kama viatu vyangu. Nilijua kueleza jinsi mwanga wa buluu unavyoingia katika nyama ya mlango wa kizazi, jinsi nyama yenye afya inavyong'aa kidogo kuujibu, na jinsi nyama inayoanza kubadilika inavyojibu kwa unyonge, miaka kadhaa kabla haijawa saratani. Nilijiandaa kuulizwa hayo. Sikujiandaa kuulizwa nani atakayemkalisha mama wa watu na kumwambia kwamba ndani yake kuna kitu kisichouma, kisichoonekana kwa macho, lakini taa imekiona.

"Daktari wa mradi," nilisema.

"Yule aliyejifungia garini kwa sababu ya baridi?"

"Ndiyo."

"Haya. Ingia. Vua viatu."

Miaka ile soko ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa. Malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalipandisha kutoka Masasi kila msimu, maduka yalijaa redio na sabuni za nje, na miradi ya wafadhili ilikuja na kuondoka kama malori yenyewe: mmoja wa vyoo, mwingine wa minyoo, mwingine wa vyandarua. Wetu ulikuwa wa mwanga. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitaka kujua kama mashine iliyofanya kazi vizuri kwao ingefanya kazi mahali ambapo wanawake hufika hospitalini wakiwa wameshachelewa. Tulianzia Masasi mjini, kisha tukapanda Newala. Kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine. Kwa kuwa kwetu ni Nanganga, kando ya barabara kuu, waliniajiri wakidhani nawajua watu wa huku juu. Hata wa kwetu niliwajua kidogo tu, maana nilikulia mabwenini, na nyumbani kwetu baba hakutaka mabinti zake wachezwe unyago.

Matroni alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kama mtu aliyeitwa. Alivaa kofia ya nesi wakati manesi wenzake wote walikuwa wameshaziacha. Alichukia mitumba. Alisema mbele ya foleni nzima kwamba nchi imekubali kuvaa nguo za watu wasiojulikana, na kwamba siku moja tutaletewa hata meno. Lakini koti lake jeupe alilinunua gulioni, na kwenye mfuko wa kifua lilikuwa limetariziwa jina la mwanamume wa kizungu. Nilipomwonyesha, alilitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Akija kulidai nitamvulia," alisema. "Mpaka hapo, ni langu."

Saa yake ya mkononi haikuwa na funguo wala betri, ilisimama zamani. Bado aliitazama kila mtu alipochelewa, na kila mtu aliomba radhi.

Anayetaka kumjua Matroni aanzie kwenye maji. Newala maji ni kazi. Kuna wanawake waliokuwa wakiteremka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, ndoo moja kichwani, na hiyo ndiyo ya siku. Hospitali ilikuwa na tangi la maji ya mvua nyuma ya wodi ya wazazi, na ufunguo wa tangi lile ulikaa kiunoni mwa Matroni, umefungwa kwenye upindo wa khanga aliyoivaa chini ya gauni lake la kazi. Hakumpa mtu. Alitoa maji mwenyewe, kwa kikombe cha bati, na kikombe kile kilikuwa na utaratibu wake: maji ya kunawa mikono yalikusanywa kwenye beseni, ya beseni yalipigia deki, na ya deki yalikwenda kwenye mgomba uliokuwa dirishani kwake. Daktari wa mradi alipoomba ndoo ya kuoga siku tuliyofika, alipewa kikombe.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kuoga, Daktari. Anza na uso."

Na habari mbaya alizitoa hivyohivyo. Nilimwona mara ya kwanza na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amefia tumboni. Asubuhi nzima Matroni aliingia na kutoka kwenye wodi ile. Mara ya kwanza alimuuliza kuhusu shamba na nyani. Mara ya pili akasema mtoto amechoka. Mara ya tatu akakaa kitandani, akashika mguu wa yule mama, akasema mtoto amechoka sana, hachezi. Mara ya nne alipoingia, mama mwenyewe ndiye aliyesema.

Nilimfuata hadi varandani. Nilikuwa na tabia hiyo ya kufuata watu na maswali.

"Huo ulikuwa uongo uliokatwa vipande," nilimwambia.

"Hapana. Ni ukweli kwa vikombe."

"Angeambiwa mara moja angeanza kulia mapema, akamaliza mapema."

"Mwanangu, wewe ukimwambia mtu unamwaga ndoo. Halafu unashangaa sakafu imelowa na kiu yake iko palepale."

Sikukubaliana naye. Mpaka leo sikubaliani naye kwa kila mgonjwa. Lakini niliona kwamba yule mama, alipolia, alilia akiwa amemshika Matroni, na si peke yake.

Kilichonitatiza zaidi kwake ni ngoma. Baada ya mavuno, katika miezi ya baridi, mwanamke huyu aliyejua dozi zote kwa kichwa na aliyewafukuza wodini waganga wa hirizi alikuwa akichukua likizo yake yote, akienda kuwacheza watoto wa watu unyago. Alikuwa kungwi, na si kungwi wa kawaida. Wanawake wa vijiji vingi hadi Mnyambe walimfuata wakitaka yeye ndiye awe mbele. Alirudi sauti imemkauka, miguu imepauka kwa vumbi, na kwa siku kadhaa alikuwa mtu mwingine. Alipanga chupa za dawa mabega yakicheza. Alicheka. Manesi vijana walingoja wiki hiyo kuomba ruhusa zao, kwa sababu wiki hiyo hakumnyima mtu kitu isipokuwa maji.

Nilimshambulia kwa hilo pia.

"Mambo mnayowafundisha kama ni mazuri, kwa nini yawe siri? Yaandikwe kwenye kitabu, kila mtu asome."

"Hata wanaume?"

"Kwa nini wasisome?"

Aliwatazama manesi wawili waliokuwa wakikunja shuka, nao wakainamisha nyuso wakicheka.

"Msomi," alisema, "wewe mtu akivua nguo mbele yako hospitalini, unatoka kwenda kuwasimulia watu sokoni?"

"Hapana."

"Kwa nini? Si jambo la kweli?"

"Hiyo ni siri ya mgonjwa."

"Basi na sisi tuna wagonjwa wetu." Akaendelea kuhesabu mabomba ya sindano.

Mashine yenyewe aliipenda kuliko nilivyotarajia, pengine kuliko nilivyoipenda mimi. Mimi nilikuwa naishuku tangu chuo. Nilishuku kila kitu kilicholetwa kikiwa kimefungwa kwenye povu jeupe. Yeye alikuwa amewaona wanawake wengi wakiletwa kwa machela za baiskeli, wananuka, wamekauka, hakuna la kuwafanyia ila vidonge vya maumivu. Alitaka kitu chochote kitakachofika kabla ya hapo. Siku ya kwanza, foleni ilipogoma kuingia kwa sababu kuna aliyevumisha kwamba taa inachoma kizazi, Matroni alivua kofia, akapanda kitandani yeye mwenyewe, akaacha mlango wazi nusu ili asikike.

"Nimelala," alitangaza. "Sasa binti anamulika. Hainichomi. Ni baridi tu, kama mkono wa mkwe." Nje wakacheka. "Haya, nani atasema ana haya kuliko mimi?"

Mstari wake kwenye skrini ya kompyuta ulipanda vizuri na kushuka vizuri, kama kwenye mafunzo. Niliwaonyesha wanafunzi wa uuguzi kama mfano wa mlango wa kizazi usio na tatizo. Wakati ule nilidhani mfano ule hauna la ziada la kutufundisha.

Kisha tukaanza kupata shida. Masasi mjini mashine iliona wanawake wachache wenye dalili. Newala ikaanza kumwona karibu kila mtu mgonjwa. Mstari baada ya mstari ulilala chini. Daktari wa mradi alisema huenda ndivyo hali ilivyo, huduma ziko mbali, watu hawajawahi kupimwa. Mimi sikuamini. Nilishuku umeme wa jenereta, nikatumia betri. Mistari ikalala vilevile. Nilishuku ukungu wa asubuhi, nikapima mchana. Nilishuku vumbi la salfa, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho na upepo ulilileta hadi kwenye meza zetu. Kila siku kabla ya kuanza nilimulika kibao cheupe tulichopewa kwa ajili ya kuhakikisha mashine iko sawa, na kila siku kibao kilisema iko sawa.

Ilibaki pamba. Baada ya kila mama nilifuta ncha ya kioo kwa pamba yenye spiriti. Masasi pamba ilitoka nyeupe, au na alama kidogo ya damu. Newala ilitoka na rangi ya kahawia, hafifu, kama chai iliyotiwa maji mengi. Si kwa wote, ila kwa wengi.

Nilimwonyesha Matroni. "Hii ni nini?"

Aliipokea. Mama aliyekuwa akivaa nyuma ya pazia alisema kitu kwa Kimakonde, na Matroni akamjibu kwa neno moja kali.

"Chai," akaniambia.

"Chai inafikaje huko?"

"Wewe hujachezwa," alisema. "Maswali mengine mlango wake si huu." Akaitupa pamba ndooni.

Nilikasirika. Niliona hii ndiyo ile tabia ya huku niliyoikimbia, ya kumjibu mtu mzima kama mtoto kwa sababu hakupitia nyumba fulani. Niliendelea kuzikusanya pamba, lakini sikujua cha kuziuliza.

Ndipo akaja Mama Salumu wa Mnyambe. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu nyingi, amevaa doti mpya ya khanga kwa ajili ya safari ya hospitali. Alimpigia Matroni goti mlangoni, "Shikamoo, kungwi wangu," na Matroni akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kazini. Ndiye aliyemcheza alipokuwa msichana. Alikuwa na mtoto mmoja, huyo Salumu, na baada yake alikuwa amepoteza mimba mbili. Alikuja kupimwa kwa sababu alitaka kujua kama kuna kitu kinachomzuia kubeba.

Mstari wake ulilala chini kuliko wote niliowahi kuona. Daktari alikata kinyama kidogo cha kupeleka Dar es Salaam kikatazamwe kwa darubini, lakini majibu kutoka huko yalikuwa yakikaa wiki nyingi, na mvua zikianza barabara ya kusini ilikuwa inajifunga. Akaamua wasisubiri. Mama Salumu aende hospitali ya misheni, kizazi kitolewe, kabla hajarudi kijijini na kupotea.

"Nikimwachia akaondoka hapa, simpati tena," alimwambia Matroni. Nimtendee haki: hakusema hivyo kwa kiburi. Alikuwa ameshawapoteza wengine hivyo.

Aliyekwenda kumwambia ni Matroni. Nilikuwemo chumbani nikikunja nyaya. Alianza na shamba, akaja kwenye safari ya hospitali ya misheni, akaja kwenye kitanda kizuri cha huko. Mama Salumu alisikiliza akiwa ameshika ncha za khanga yake.

"Kwa hiyo Salumu ndiye wa mwisho," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umeshayasema mengine yote, kungwi wangu. Limebaki hilo."

Matroni hakuwa na kikombe kingine cha kumpa.

"Nimekosea wapi?" Mama Salumu aliuliza, taratibu, kama anayetaka kweli kujua. "Ulivyonifundisha ndivyo ninavyofanya. Sijaacha hata siku moja. Na leo nimefanya mara mbili, maana nilijua ni wewe utakayeniona. Ningekujaje mbele yako hivihivi?"

Sikuelewa amefanya nini mara mbili. Nilichokiona ni Matroni kuinuka, kuichukua pamba ya mwisho kwenye meza yangu, ile ya Mama Salumu, na kwenda nayo dirishani. Haikuwa chai nyepesi. Ilikuwa kahawia iliyokolea. Aliishika pale kwenye mwanga mpaka nikadhani amesahau kwamba tumo.

Kesho yake asubuhi aliingia kwenye chumba cha Daktari wa mradi. Nilikuwa nimekaa mle nikinakili matokeo.

"Nje kidogo, mwanangu."

"Kama ni kuhusu mashine, mimi ndiye..."

"Nje kidogo."

Nilitoka. Nilikaa kwenye benchi la varanda nikitafakari ukweli kwamba jambo la wanawake lilikuwa linaelezwa kwa mwanamume kutoka mkoa mwingine, na mimi mwanamke nimewekwa nje. Nilimuuliza Matroni baadaye, akasema: "Yeye ni daktari. Wewe ni mtoto." Lilikuwa jibu la kipuuzi na alijua.

Daktari alitoka amesisimka. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, na mambo mawili hayo yakikutana hayana breki. Varanda ilikuwa imejaa: wanawake wa foleni, waume waliowaleta kwa baiskeli, dereva wetu, wauza karanga. Akapiga makofi kuomba usikivu.

"Akina mama, tumegundua tatizo. Ni ile dawa ya magome mnayofundishwa unyagoni, ya kunawia ndani. Inaweka rangi, na mashine inadanganyika. Kuanzia leo msinawe nayo. Maji matupu tu."

Dereva wetu akatazama viatu vyake. Mume mmoja akacheka, kicheko kifupi, akakikatiza mwenyewe. Wanawake hawakumtazama Daktari hata mmoja. Walimtazama Matroni, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mikono mifukoni mwa koti lenye jina la mzungu. Mama mmoja mtu mzima aliinuka, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Wengine wachache wakamfuata. Niliandika moyoni kwamba tumepoteza washiriki, na kwamba Daktari angeweza kusema hayo ndani, kwa mmoja mmoja.

Mimi nilichokuwa nakifikiria ni mwanga. Maji yale ya magome yalikuwa yanatia nyama rangi, na rangi ile ilikuwa inaumeza mwanga wa buluu kabla haujarudi. Mashine ikaona giza, na mashine ilifundishwa kuliita giza ugonjwa. Masasi mjini hatukuliona sana kwa sababu huko wengi wao walikuwa na maji ya kusuuza. Huku juu mwanamke ananawa kwa dawa, na kikombe cha kusuuzia anakiweka akiba apikie. Na aliyejitahidi kuliko wote kuwa safi mbele ya kungwi wake ndiye aliyeonekana mgonjwa kuliko wote. Hata mstari mzuri wa Matroni ulieleweka: alikuwa mjane wa siku nyingi, na mambo hayo ni ya mwenye mume.

Siku hiyohiyo Matroni alifungua tangi. Alifungua ufunguo kutoka kiunoni, akaukabidhi kwa nesi wa zamu, akasema kila mwanamke aliyepimwa aitwe tena, anawe kwa maji matupu kwa wiki nzima, ndoo kamili, na asiye na maji kwao achote hapa. Mgomba wa dirishani kwake ulikauka mwezi ule. Matroni alimhamishia Mama Salumu nyumbani kwake, hakumwachia apande gari la kwenda misheni.

"Wiki moja, Daktari," alisema. "Mvua haijanyesha. Usimtoe mtu kizazi kwa sababu ya magome ya mti."

"Na kama ni mgonjwa kweli?"

"Basi wiki ijayo atakuwa mgonjwa aliyenawa."

Nitamtendea haki Matroni kwa kusema pia kile ambacho bado namlaumu nacho. Alijua tangu siku ya pamba ya kwanza, au alihisi. Alinyamaza huku wanawake wakirudi majumbani kwao na hofu. Nilimwambia hivyo tukiwa tunapanga foleni mpya, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Nilitaka uone mwenyewe kwa mashine yako," alisema. "Ulikuwa umekaribia. Nilisema moyoni, huyu binti hachoki, ataona. Akiona yeye, sitakuwa mimi niliyesema."

"Lakini umesema."

"Ungechelewa."

Tulipompima Mama Salumu tena, mstari uliinuka. Nilisogeza ncha taratibu, sehemu kwa sehemu kama tulivyofundishwa, na kila mahali mwanga ulirudi ulivyotakiwa, isipokuwa upande wa juu, mahali padogo kama punje ya hindi, ambapo ulilala. Nilifuta ncha, pamba ikatoka nyeupe. Nilipima tena. Ulilala tena.

"Hapo pana kitu," nilisema.

"Kikubwa?"

"Kidogo."

Matroni alimgeukia Mama Salumu, na safari hii alimwambia yote mara moja, kama ndoo. Mama Salumu alipumua. Majibu ya Dar es Salaam yalifika kabla barabara haijajifunga, nayo yalisema vilevile: nyama imeanza kubadilika, haijawa saratani. Hospitali ya misheni walikata sehemu ile ndogo tu na kumrudisha kwao Mnyambe na kizazi chake.

Mradi uliisha kama miradi inavyoisha. Mfadhili alihamia kwenye jambo lingine, mashine ikafungwa kwenye povu lake jeupe ikarudi ilikotoka, na mimi nikaenda Dar es Salaam kufundisha.

Nilimwona Matroni mara moja tu baadaye, miaka ikiwa imepita ya kutosha mtoto kuzaliwa na kukua. Alikuwa amestaafu, anaishi Mnyambe. Nilikuwa Newala kwa mazishi ya mjomba wa mume wangu, nikaomba mtu anifikishe. Nilimkuta barazani anabangua korosho zilizochomwa, vidole vyeusi. Hakuwa na kofia. Saa ilikuwa mkononi, bado imesimama, na aliitazama aliponiona.

"Umechelewa," alisema. "Marahaba."

"Sijakuamkia bado."

"Najua. Nakukumbusha."

Tulikula korosho. Kutoka upande wa pili wa kijiji ilikuwa inasikika ngoma, na vigelegele vya wanawake vikipanda na kushuka. Ilikuwa siku ya kuwatoa wali nje, wasichana waliomaliza kuchezwa. Niliona mabega ya Matroni yakijibu, kidogo tu, halafu yakatulia.

"Mbona hukwenda?" nilimuuliza.

"Magoti, mwanangu. Ngoma inataka magoti."

Akabadilisha mazungumzo. "Ile taa yenu ilifikia wapi?"

Nilimweleza kwamba mashine za namna ile bado zinafanyiwa utafiti, zimekuwa ndogo na za akili zaidi, lakini kwenye zahanati nyingi siku hizi wanapaka siki nyepesi na kutazama kwa macho. Penye tatizo panageuka peupe.

"Siki? Ya kachumbari?"

"Ya namna hiyo."

Alicheka mpaka akaweka jiwe chini. "Na wakishaona, nani anawaambia wenyewe?"

"Manesi."

"Basi," alisema, na akaendelea kubangua.

Alinisindikiza hadi barabarani. Alijitwika mfuko wa korosho alionipa, akatangulia, na nilikuwa nikikimbiakimbia nyuma yake. Niliyaona magoti yake vizuri sana. Hayakuwa na tatizo lolote, na niliwaza kwamba uzee umemfanya mvivu wa mambo aliyoyapenda, kama unavyowafanya wengi. Sikumuuliza. Ni moja ya mara chache sikuuliza.

Alikufa miaka michache baadaye, nami nikapata habari mazishi yakiwa yamepita. Mwaka jana nilikuwa Masasi, stendi, nikingoja gari, mwanamke mmoja mnene akasimama mbele yangu.

"Wewe si binti wa taa?"

Alikuwa Mama Salumu. Kando yake alikuwepo binti mrefu mwenye begi la chuo cha ualimu, aliyeniamkia na kurudi kwenye simu yake. Mama Salumu alisema huyo alizaliwa baada ya ile safari ya misheni. Nikamwambia kwamba Matroni angefurahi kumcheza unyago mtoto huyu kwa mikono yake mwenyewe. Alinitazama kuona kama natania.

Ndipo aliponieleza. Wiki ileile Daktari aliposema maneno yale varandani, makungwi walimwita Matroni, wakamuuliza ni nani aliyemwambia mwanamume. Walikuwa tayari kuambiwa ni yule binti wa Nanganga asiyechezwa, mwenye maswali mengi. Jambo lingeishia hapo. Alisema ni yeye. Tangu siku hiyo hadi anazikwa hakuitwa tena kwenye ngoma hata moja, na Mama Salumu alipowaomba wamruhusu kwa ajili ya binti yake, walikataa. Nilimweleza, nikautaja na mwaka, kwamba mara ya mwisho nilipofika kwa Matroni palikuwa na ngoma upande wa pili wa kijiji, wanatoa wali, na Matroni amekaa barazani anabangua korosho.

"Ilikuwa ya huyu," alisema Mama Salumu.